Embe lina sifa, ntalali haina mtetezi

Tangu mwaka 2006, Tanzania ilipoiingiza njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe za ndovu katika orodha ya awali ya UNESCO, habari za Kwihara, nje kidogo ya Tabora, haziishi kutaja miembe. Wapagazi walikula maembe, wakatupa kokwa, njia nzima ikaota vivuli. Sawa, lakini embe lilikuja na wageni. Pori la miombo lilikuwa na chakula chake: ntalali, mbura, matonga. Ntalali huzaliwa na mti mfupi, pengine kichaka tu. Tunda ni dogo, jeusi likiiva, nyama yake tamu imebana kokwa ngumu.

Shahidi wa matunda hayo ni mwandishi wa habari Henry Morton Stanley, mtu asiyesifu ovyo. Agosti 1871 alijiunga na Waarabu wa Tabora kumpiga mtemi Mirambo, wakapigwa wao. Mirambo akauvamia mji, mmoja wa Waarabu hao, Khamis bin Abdallah, akauawa, njia aliyokusudia kuifuata Stanley hadi Ujiji ikafungwa. Septemba Stanley akatoka Kwihara kwa kuzunguka kusini. Kando ya mto Gombe palikuwa na wanyama tele, na wapagazi walipoamriwa kubeba mizigo waligoma; walitaka siku moja zaidi ya kula nyama. Bunduki zikaelekezwa pande zote mbili, nusura damu imwagike. Mbele, katika misitu ya Ukonongo, kitabu chake cha mwaka 1872 kinasifia tunda la pori aliloliita mbembu, ambalo kwa maelezo yake laelekea kuwa mbura. Chakula kilipopungua, watu wale wale waliogombea nyama waliokota matunda porini.

Reli ilifika Tabora 1912 na Kigoma 1914, misafara ikafa.

Kisha ikaja tumbaku, nayo hukaushwa kwa kuni za miombo ile ile. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Tumbi, Tabora, walijaribu kuotesha miti hii ya matunda, na kina mama wakafundishwa kutengeneza juisi, jamu na mvinyo. Kazi nzuri, ila ni ndogo mno mbele ya mabani ya kukaushia tumbaku. Tumbaku ina madaraja, wanunuzi na vyama vya ushirika. Ntalali hupimwa kwa kikombe kando ya barabara, mteja akiomba nyongeza.