Mbwa wa msasi: elimu ya Tana iliyozimwa pamoja na bunduki

Mei 1977 serikali ya Kenya ilipiga marufuku uwindaji, na kadiri nusu karne ya amri hiyo inavyozidi kukaribia, mjadala hurudi palepale: tembo, faru na bei ya pembe. Sungura hatajwi, wala mbwa anayemfukuza. Lakini kwa mtu wa Garsen, pale barabara ya Malindi kwenda Lamu inapokutana na ile ya Hola na Mto Tana unapoanza kutawanyika kuwa delta, uwindaji haukuwa tembo peke yake. Ulikuwa paa, kanga na sungura wa kitoweo, na katika nyika ya Wagiriama na jirani zao mbwa alikwenda pamoja na upinde. Kinachomtenga msasi na mharibifu ni mafunzo, yake na ya mbwa wake. Sheria zetu tangu enzi za mkoloni zimetazama kibali na silaha, hazikuwahi kutazama mafunzo.

Wapo watakaosema kwamba pwani ya Waislamu haina historia ya mbwa, kwa kuwa mbwa ni najisi. Hoja hiyo imeshika nusu ya fiqhi na kuiacha nusu. Ni kweli kwamba katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi pwani yetu, chombo alichokiramba mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Lakini aya ya nne ya Suratul-Maida inahalalisha windo lililokamatwa na mnyama aliyefundishwa, na wanazuoni wakaeleza ni yupi huyo: akitumwa huenda, akikemewa husimama, akikamata hali, na tabia hiyo imeonekana kwake mara kadhaa hadi ikathibiti. Mwenyewe humtuma kwa kutaja jina la Mungu. Mbwa akijiendea tu kwa uroho wake na kuua, windo hilo ni mzoga. Hapa uhalali wa nyama umefungwa kwenye malezi ya mbwa. Na Kiswahili kinaposema mbwa wa msasi mkali ni mkali pia, kinakiri kwamba tabia ya mbwa ni kazi ya mikono ya mtu.

Linganisha na Waingereza. Januari 1899 mbwa wa aina ya spaniel walishindanishwa porini kwa mara ya kwanza, katika shamba la William Arkwright huko Sutton Scarsdale. Spaniel kijana hufunzwa kwanza kukaa kwa mlio wa filimbi, kisha kufuata harufu ya ngozi ya sungura iliyoburutwa majanini kwa kamba, kisha kufurusha windo kichakani na kutulia bila kulikimbiza mpaka aambiwe. Akileta ndege aliyepigwa, mwamuzi humshika ndege huyo na kumpapasa mbavu kwa kidole gumba na vidole vingine. Zikiwa zimepondeka, mbwa ana mdomo mgumu na ametoka mashindanoni. Mwamuzi wa Sutton Scarsdale na mwanazuoni wa Lamu wangeelewana: mbwa aliyefunzwa anawinda kwa ajili ya bwana wake.

Mwaka mmoja baada ya shindano hilo, Mei 1900, mataifa yenye makoloni yalitia saini London mkataba wa kuhifadhi wanyama wa Afrika. Mwafrika hakuwa na kiti. Yakafuata mambo yanayojulikana: vibali, idara ya wanyamapori, hifadhi ya Tsavo mwaka 1948. Mwenye bunduki na leseni akaitwa mwanaspoti, mwenye upinde akaitwa jangili.

Waliolipa zaidi ni Wawaata, wawindaji wa tembo ambao Waswahili huwaita Wasanye na vitabu vya Kizungu Waliangulu. Kitabu cha Dennis Holman cha mwaka 1967, The Elephant People, kinasimulia jinsi wasimamizi wa Tsavo, David Sheldrick na Bill Woodley, walivyowaandama kuanzia katikati ya miaka ya 1950, na msimuliaji hafichi jinsi alivyowastahi. Pinde zao zilihitaji nguvu inayozidi ratili 100 kuvutwa. Mishale ilipakwa sumu ya msunguti iliyochemshwa hadi ikawa kama lami, kisha ikafungwa ngozi ili isikauke wala kumgusa mwenyewe. Wakafungwa kwa wingi. Walipotoka jela hawakuwa na shamba wala mifugo, na waliowafunga ndio walioona kwamba pana dhuluma. Mwaka 1960 ukaanzishwa mradi wa Galana, mashariki ya Tsavo, katika eneo la maili za mraba 3,000 hivi, chini ya Ian Parker: Wawaata wawinde kwa idadi iliyopimwa, kwa ajira, kwa halali. Haukudumu muongo, na ardhi ikageuzwa ranchi ya ng'ombe. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo mara pekee serikali ilipojaribu kuutumia ujuzi badala ya kuufunga.

Mtetezi wa marufuku ana haki ya kuuliza: bila amri ya 1977, kingebaki nini? Jibu la kweli ni kwamba hata kwa amri hiyo, tembo zaidi ya 160,000 wa mwanzoni mwa miaka ya 1970 walishuka hadi kama 16,000 mwaka 1989, na walioua hawakuwa watu wa sungura. Hata hivyo hirola, swala wa ng'ambo ya Tana, amebaki mia chache tu, na kuachilia mbwa ovyo katika nyika hiyo ni kumwangamiza. Sidai marufuku iondolewe. Nasema kwamba anayewinda kwa kujificha usiku hana nafasi ya kumfunza mbwa kutulia, na nyama ya porini bado inauzwa kwa siri.

Wala sisemi tulete spaniel. Manyoya yake marefu yangejaa miiba kabla ya saa nne asubuhi, na mbung'o wa Tana humwambukiza mbwa ugonjwa unaomtia ukungu machoni kisha kumuua. Sungura wetu pia si yule wa Ulaya anayechimba shimo. Hulala juu ya ardhi, tumbo limegusa vumbi, masikio yamelazwa mgongoni, asiinuke hadi mguu unapokaribia kumkanyaga. Mbwa wa kumpata lazima afunzwe hapa, na anayemjua sungura huyu.

Kifungu cha 260 cha Katiba ya 2010 kinazitambua jamii za asili zilizoshikilia maisha ya kuwinda na kukusanya. Sheria ya wanyamapori ya 2013 inaufanya uwindaji wa chakula kuwa kosa. Mwaata wa Tana River amewekwa katikati ya maandishi hayo mawili, na wazee wanaojua jinsi mbwa anavyoitwa, msunguti unavyochemshwa na nyayo zinavyosomwa wanaendelea kuzikwa. Kuandika wanachokijua hakuhitaji kubadili sheria yoyote.