Ngozi, Mtumbwi na Fundi Viatu katika Mwambao wa Rumonge

Kiatu cha ngozi kilichelewa kufika Rumonge, mji wa Burundi ulio kwenye mwambao wa Ziwa Tanganyika, ingawa ngozi haikuwa adimu. Nyuma ya mji, ukishapanda ukingo wa Mumirwa, unaingia Bututsi, nchi ya ng'ombe wa pembe ndefu tangu enzi za wafalme. Ngozi zao zilifanywa mavazi, malazi na kamba, lakini mguu ukabaki mtupu. Mchungaji wa Burundi alimfuata ng'ombe kwa miguu yake, juu ya majani na udongo mwororo. Huko Texas, ambako H. J. Justin alianza kushona buti za wachunga ng'ombe mwaka 1879, kazi ilifanyika juu ya farasi: kisigino kirefu kilizuia mguu usipenye kwenye rikabu, na shingo ndefu ya buti ilikinga muundi dhidi ya miiba. Pasipo farasi, buti ya namna hiyo haina kazi. Na chini ziwani, mvuvi na mpiga kasia walishinda na miguu majini, tena ngozi mbichi ikilowa huvimba, ikikauka hukakamaa kama ubao.

Kiatu kilikuja na misafara. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Ujiji, bandari ya mashariki mwa ziwa, Februari 1858, waliwakuta Waarabu na Waswahili wamekwisha kufanya makao, wakivusha bidhaa kwa mitumbwi kuelekea Urundi (Burundi ya leo) na Uvira. Watu hawa wa pwani walikuwa na makubadhi: soli ya ngozi iliyodabaghiwa, ukanda mpana juu ya wayo, na kitanzi cha kidole gumba. Kwa Mwislamu kiatu hiki kilifaa kuliko chochote kilichofungwa kwa kamba, maana huvuliwa mlangoni mwa msikiti bila kuinama na huvaliwa tena baada ya swala. Kilikuwa pia alama ya mtu wa mjini, aliyeweza kutembea bila mzigo kichwani.

Wamisionari wa Shirika la White Fathers walijenga kituo Rumonge mwaka 1879, lakini tarehe 4 Mei 1881 watatu kati yao waliuawa na kituo kikaachwa. Kwa hiyo, katika miaka hiyo ya mwanzo, mambo ya mjini yaliingia Rumonge kwa njia ya ziwa, kutoka Ujiji, ambako mfanyabiashara Mohamed bin Khalfan, maarufu kwa jina la Rumaliza, alikuwa akipanua mamlaka yake kuelekea kaskazini. Kisha likaja pigo la mifugo na la watu. Sotoka iliangamiza ng'ombe mwanzoni mwa miaka ya 1890, na baada ya mwaka 1900 malale ikashambulia watu wa ufukweni, hata Wajerumani, waliotawala wakati huo, wakafungua kambi za matibabu kando ya ziwa.

Mwaka 1916 jeshi la Kongo ya Wabelgiji, Force Publique, liliwatoa Wajerumani Urundi. Askari wake wengi wa Kiafrika walipigana miguu mitupu. Buti zilikuwa za maofisa. Tangu hapo, kwa miaka mingi, kiatu kilichofunika mguu wote kilimtambulisha karani, mwalimu na mtu wa serikali kabla hajafungua kinywa.

Chini ya utawala wa Ubelgiji ngozi za ng'ombe na mbuzi zilikuwa miongoni mwa mazao ya biashara ya nje ya Ruanda-Urundi, yaani Rwanda na Burundi za leo. Zilikaushwa tu, zikavuka ziwa hadi Kigoma, ambako reli ilikuwa imefika mwaka 1914, zikateremshwa Dar es Salaam na kupakiwa melini. Faida kubwa ya ngozi hupatikana katika kuidabaghi na kuishona, na kazi zote mbili zilifanyika ng'ambo. Ni dhuluma ya kimyakimya: nchi ya ng'ombe ilinunua viatu kutoka kwa walionunua ngozi zake.

Fundi wa mjini alifanya kazi katika nafasi ndogo iliyobaki. Kushona kiatu cha kupima huanza na karatasi chini ya wayo wa mteja, na kalamu ikiuzunguka ikiwa imesimama wima. Ikilala, soli itapungua. Uzi wa kupimia huzungushwa mara tatu: kwenye vidole, katikati ya mguu na juu ya kifundo. Ngozi ya juu hulowanishwa, huvutwa juu ya kalibu ya mti na kupigiliwa misumari midogo ya muda, kisha huachwa ikauke ishike umbo. Matundu hutobolewa kwa msharasi, na uzi uliopakwa nta ya nyuki huingia kutoka pande mbili kupitia tundu moja, ili mshono mmoja ukikatika mwingine ushike. Ni hapo kwenye tundu ndipo fundi hodari hujulikana: likiwa pana maji huingia, likiwa jembamba uzi hukatika.

Aprili 1972 maasi ya Wahutu yalianza Rumonge na Nyanza-Lac. Mauaji yaliyofuata nchini kote yaliwatawanya watu wa mwambao hadi Kigoma, Uvira na makambi ya Ulyankulu na Katumba nchini Tanzania. Familia ilipokimbia, karakana, kalibu na wateja vilibaki nyuma.

Ushindani uliofuata ulikuwa wa bei. Kandambili za plastiki zilimfaa mvuvi kuliko ngozi, kwani haziogopi maji. Kandambili za matairi, ambazo Wakenya huziita akala na Watanzania katambuga, zilidumu sana, na viatu vya mitumba vikachukua wateja waliobaki. Machi 2016 wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo Burundi iliingia mwaka 2007, walikubaliana mjini Arusha kuacha hatua kwa hatua nguo na viatu vya mitumba ili viwanda vya nguo na ngozi vikue. Mitumba haikukoma. Fundi viatu wa leo huishi zaidi kwa kubandika soli na kushona upya mshono wa kiwandani, na oda ya kupima humjia hasa kutoka kwa mguu usio na saizi sokoni: uliopinda, uliovimba, au uliopungua urefu hata ukahitaji soli iliyoongezwa.