Kilimia: Nyota na Kumbukumbu ya Jembe



Lipo kundi dogo la nyota ambalo wahenga wa pwani yetu waliliita Kilimia. Waarabu huliita Thuraya, na vitabu vya Kiingereza huliita Pleiades. Jina letu latokana na kitenzi lima, ambacho katika kauli ya kutendea huwa limia. Wazulu na Waxhosa husema isiLimela, Wasotho husema Selemela. Mzizi ni ule ule. Kiswahili kimedondosha sauti l ya mnyambuliko, ambayo lugha hizo za kusini zimeihifadhi. Ulinganifu huo wadokeza kwamba jembe na nyota hizi viliambatana tangu kale.

Ushahidi umo angani pia. Mwezi Mei Kilimia huzama pamoja na jua, masika yangali yakinyesha. Mwezi Juni huchomoza tena alfajiri, mvua zikiwa zimepungua. Kwa mkulima asiye na kalenda ya karatasi, hiyo ilikuwa kalenda.

Basi Desemba, giza likishaingia, mwelekezeni mtoto atazame kaskazini mashariki. Kwa macho matupu atahesabu nyota sita au saba. Wanafalaki wamehesabu zaidi ya 1,000, umbali wa miaka ya nuru ipatayo 440. Kisha mwulizeni: kwa nini Kilimia? Akilitambua jembe ndani ya jina hilo, atakuwa amejifunza falaki, sarufi na historia kwa pamoja. Akipewa jina la kigeni peke yake, atadhani kwamba anga lilisomwa na wengine tu.