Kalamu ya Risasi Isiyo na Risasi

Mtoto wa shule wa Mpanda anapoandika kwa kalamu ya risasi, haandiki kwa risasi. Risasi yenyewe ilikuwa ardhini kwao, Mukwamba, ilikochimbwa na kampuni ya Uruwira Minerals enzi za Mwingereza. Reli ya kilomita 210 hivi kutoka Kaliua ilijengwa kwa ajili ya mgodi huo. Kabla ya Uhuru mgodi ukafungwa. Treni ikabaki kubeba watu na mizigo yao.

Jiwe la risasi, galena, lina visa vyake. Ukiligonga hupasuka vijimchemraba vinavyong'aa kama kioo, na ukiligusa kwa ncha ya waya, umeme hupita vizuri upande mmoja na kugoma upande wa pili. Jagadish Chandra Bose, Mbengali, alipewa hataza ya Marekani mwaka 1904 kwa kunasa mawimbi kwa jiwe hilo, na redio nyingi za mwanzo zilisikika kwa njia hiyo.

Kilichomo kwenye kalamu ni kinywe, yaani kaboni. Wachimbaji wa Borrowdale, Uingereza, walikidhania aina ya risasi tangu karne ya 16. Carl Scheele aliwaumbua mwaka 1779, ila jina lilikwishasafiri, na sisi tukalipokea na kosa lake. Kwetu kinywe kipo Mahenge, Ruangwa na hata Mirerani, ambako mchimbaji wa tanzanaiti hutoka shimoni mweusi wa kumetameta.

Kinateleza kwa sababu ni matabaka, kama kurasa za daftari: milimita moja ina kurasa zipatazo milioni tatu, kila moja ya unene wa atomi moja. Mwaka 1947 Philip Wallace alikokotoa mwenendo wa elektroni katika ukurasa mmoja, ambao hakuna aliyekuwa ameutenga. Andre Geim na Konstantin Novoselov waliubandua Manchester, 2004, kwa selotepu! Wakapata Nobeli 2010. Ndiyo grafini.

Kwangu ajabu kubwa ni ya 2018. Kundi la Pablo Jarillo-Herrero, huko MIT, lililaza kurasa mbili, moja ikazungushwa juu ya nyingine kwa nyuzi 1.1 tu. Zilipopoozwa sana, umeme ukapita bila kizuizi chochote. Kaboni haikuongezwa wala kupunguzwa.

Mwalimu wa Mpanda, kuonyesha kwamba kinywe hupitisha umeme hakuhitaji maabara. Chora mstari mfupi kwa penseli laini, urudierudie mpaka ung'ae. Uutumie kuziba pengo kati ya betri ya volti 9 na taa ndogo ya LED. Itawaka, hafifu.