PG ya 1982 kwenye sebule ya leo

Jumapili moja jioni niliachiwa rimoti. Mamangu alikuwa kwenye kochi akikata sukuma wiki, mpwa wangu wa miaka 8 amejilaza kwenye zulia. Nikaweka *Airplane II: The Sequel*, ya 1982. Niliona imeandikwa PG nikatulia. PG si ni ya familia?

Haikuchukua muda. Abiria walianza kupita kwenye mashine ya ukaguzi, na skrini ya askari ikaonyesha wanawake wakiwa uchi. Nilibonyeza rimoti hadi kidole kikauma. Mama hakusema neno, alizidi tu kukata sukuma.

Nilidhani nimedanganywa. Kumbe hapana. Marekani ilianza kupanga filamu kwa herufi mwaka 1968, na kwa miaka mingi hakukuwa na ngazi yoyote kati ya PG na R. Filamu ambayo haikustahili ukali wa R ilitupwa tu kwenye PG, hata ikiwa na matiti na matusi. Ngazi ya PG-13 ilikuja Julai 1984, baada ya wazazi kulalamikia *Gremlins* na *Indiana Jones and the Temple of Doom*. Filamu yangu ilikuwa imetangulia kwa karibu miaka miwili. Herufi ni zile zile, lakini maana imehama.

Hata mzaha wenyewe umehama. *Airplane!* ya 1980 ilitengenezwa na Jim Abrahams na ndugu wawili, David na Jerry Zucker. Walichukua *Zero Hour!*, filamu ya 1957 isiyo na utani hata kidogo, wakaifuata karibu hatua kwa hatua, waigizaji wakisema upuzi kwa nyuso kavu. Muendelezo ulipotakiwa, watatu hao walikataa. Ken Finkleman akauandika na kuuongoza, na ndege ikageuka chombo cha kwenda mwezini, chenye kompyuta inayokaidi binadamu kama ile ya *2001: A Space Odyssey*.

Sasa, mpwa wangu hajaona hata moja ya filamu hizo. Dhihaka huishi kwa kumbukumbu ya kile kinachodhihakiwa. Kumbukumbu ikienda, mtoto anabaki na watu wanaoanguka, ambao aliwacheka sana, na miili, ambayo ndiyo iliyonikimbiza kwenye rimoti.

Ile mashine nayo imezeeka kwa njia ya ajabu. Baada ya jaribio la kulipua ndege iliyokuwa ikielekea Detroit, Krismasi ya 2009, viwanja vya Marekani viliongeza mashine zinazoona chini ya nguo. Watu walilalamika, na kufikia 2013 zile zilizochora mwili waziwazi ziliondolewa kwenye viwanja hivyo. Katika filamu, bibi kizee anasukumwa ukutani huku wanaume wenye silaha wakipita bila kuulizwa. Mtu mzima anaweza kucheka hapo na bado akafikiri.

Lakini kuna mzaha mmoja ambao siwezi kuutetea. Rubani mkuu anamwita mvulana mdogo karibu naye na kumuuliza maswali yenye nia chafu. Mwaka 1982 kichekesho kilikuwa kwamba mzee mwenye heshima zake anasema hayo na sura haibadiliki. Leo tumesikia ushuhuda mwingi mno wa watu wazima waliowahi kuwa huyo mvulana. Uchi wa sekunde mbili unaweza kuurukisha. Hiki kinamfundisha mtoto kwamba akiulizwa hivyo, watu wazima watacheka.

Kwa hivyo, ni ya familia? Kama wadogo wako wako kidato cha tatu kwenda juu, weka, mcheke, halafu mwongee kuhusu huyo rubani. Kama kuna mtoto kwenye zulia, ngoja.

Mimi niliizima. Mpwa akauliza mbona, na wale watu walikuwa wanaanguka vizuri. Mama akajibu kabla yangu: "Hiyo ni ya watu waliozaliwa kitambo." Akainuka kwenda kubandika sufuria, na kutoka jikoni nikamsikia akicheka peke yake.