Dumu la Mama

Nilipokuwa mdogo huko Karatu, maji yaliletwa nyumbani kwa mtungi na kibuyu. Mtungi ukiteleza, mama alirudi kutoka chemchemi mikono mitupu. Kwa hiyo sisahau furaha yake siku nilipomletea dumu la plastiki kutoka Dar es Salaam.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifungua Kitivo cha Uhandisi mwaka 1973. Miaka michache baadaye nilikuwa pale nikisomea ualimu wa sayansi, na mwenzangu wa chumbani alisomea uhandisi. Jioni moja alisogeza kalamu ya plastiki kwenye moto, ikalainika na kupinda. Akafanya vivyo hivyo kwa plagi nyeusi kuukuu. Hiyo iliungua bila kulainika.

Akanieleza kwamba kalamu ni termoplastiki: ikipata moto hulainika, ikipoa hukakamaa, na yaweza kufinyangwa tena. Plagi ilikuwa ya bakelaiti, aliyoivumbua Leo Baekeland mwaka 1907. Hiyo ikishakauka kalibuni hairudi nyuma. Dumu la mama lilikuwa la jamii ya polithini, ambayo Eric Fawcett na Reginald Gibson waliipata kwa bahati huko Uingereza mwaka 1933. Chembe zake huyeyushwa, hutolewa kama bomba laini katikati ya kalibu, kisha hupulizwa hewa mpaka zishike umbo.

Baadaye nikawa mkuu wa chuo cha ualimu. Niliwafundisha walimu wengi jinsi plastiki inavyotengenezwa. Jinsi inavyokwisha, sikufundisha. Kila Ijumaa wanachuo waliichoma mifuko shimoni, nami nikawasifu kwa usafi, huku sote tukivuta moshi ule wenye sumu. Kisha jirani yangu akachinja ng'ombe wake aliyekonda bila sababu kujulikana. Tumboni tulikuta fundo la mifuko, kubwa kuliko kichwa cha mtoto.

Tarehe 1 Juni 2019 serikali ilipiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa. Nilifurahi. Lakini ukipanda kutoka Karatu kuingia Ngorongoro, eneo lililotengwa mwaka 1959 kwa wanyamapori na wafugaji pamoja, utawakuta akina mama na punda waliobeba madumu. Nani atawaambia warudie mitungi? Mfuko na dumu ni ndugu. Tofauti ni kwamba dumu tulilithamini, mfuko tukautupa.

Dumu la mama lilipopasuka, alilipeleka kwa fundi sokoni. Fundi alipasha kisu moto, akakipitisha kwenye ufa, plastiki ikalainika na kushikana. Hakuwa amekanyaga chuo kikuu, lakini somo la mwenzangu wa chumbani alilijua barabara: kinacholainika hakijafika mwisho wake.

Mtu yule nilimpita sokoni miaka mingi nikienda kufundisha. Ndugu msomaji, najuta kwamba sikumwita hata siku moja asimame mbele ya darasa langu.