Oili ya sintetiki au ya kawaida? Historia yake, na mlima wetu wa Usangi

Leo mastaa tuwaweke pembeni kidogo. Hapa Mwanga vijiweni kuna ubishi usioisha, hasa kwa madereva wanaopandisha abiria Usangi na Ugweno: injini iwekwe oili ya sintetiki au ya kawaida? Na sio ubishi wa kupotezea muda. Injini ikinoki gari linapaki, ila marejesho ya mkopo hayapaki.

Tuanze mbali. Mwaka 1866 huko Marekani, daktari John Ellis alikuwa anachunguza kama mafuta ghafi yanaweza kutibu watu. Dawa hakuipata, ila akagundua yanalainisha vizuri mashine za mvuke. Kazi yake ndo ikazaa Valvoline. Oili ya kawaida ni hiyo: inachimbwa, inasafishwa, inaongezewa dawa.

Sintetiki yenyewe inaundwa kiwandani. Miaka ya 1920 Wajerumani Franz Fischer na Hans Tropsch walipata njia ya kutengeneza mafuta kutokana na makaa ya mawe. Vita vya Pili vya Dunia vikaja, Ujerumani haina mafuta ya kutosha, na kwenye baridi ya Urusi oili inaganda. Ikabidi watafute mbadala. Baadaye ndege za jeti nazo zikataka oili isiyoungua kwenye joto kali. Mwaka 1972 rubani wa ndege za kivita, Al Amatuzio, akaingiza sokoni Amsoil ya magari. Mobil 1 ikafuata 1974.

Kwa hiyo sintetiki ilitokana na baridi kali na joto kali. Sasa mtu atasema, "Mwanga theluji iko wapi?" Kweli haipo. Ila mlima upo! Gari limejaa, gia ndogo, kona juu ya kona, injini inachemka. Hapo sintetiki inavumilia zaidi.

Je, wote tukimbilie huko? Hapana. Gari la zamani linalokula oili au kuvujisha, ukiliwekea sintetiki ya bei unaichoma hela. Liwekee ya kawaida yenye uzito ulioandikwa kwenye kitabu cha gari, na uimwage mapema. Gari jipya la Kijapani linalotaka 0W-20, au lenye turbo, usilifanyie ubahili. Na nyie wa bodaboda, tafuteni kopo lenye alama ya JASO MA, maana baadhi ya oili za magari zinafanya klachi iteleze.

Halafu ile kauli kwamba ukishaweka sintetiki huwezi kurudi kwenye ya kawaida, ni uzushi. Kinachoua injini nyingi ni oili iliyopitiliza muda, iliyopungua bila mtu kuipima, au feki. Oili ya kawaida halisi iliyomwagwa kwa wakati inaishinda sintetiki iliyogeuka lami.

Wewe mdau unaweka ipi, na unamwaga baada ya kilomita ngapi? Funguka hapo chini.